Kocha hurudia kutazama mechi

Makala niliyoisoma inatuhimiza wafanyabiashara tujitangaze mtandaoni kila siku kama mwanamichezo afanyavyo mazoezi, nami naafiki, ila imesahau kwamba kocha hurudia kutazama mechi iliyopita kabla ya kupanga kikosi. Hapa Mtwara nauza korosho zilizobanguliwa. Kwa miezi mitatu niliweka picha Instagram kila asubuhi bila kufungua takwimu za watazamaji, hadi nilipogundua kuwa video moja fupi, ya mama akimenya ngozi laini ya korosho kwa kisu kidogo, ndiyo iliyoniletea wateja wa Dodoma. Tena tusidharau hatua ndogo: timu ya soka ya Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, ilipitia madaraja ya chini kabla ya kupanda Ligi Kuu mwaka 2019.