Mwezi Mmoja Bila Kuhariri Picha: Unafunza Nini, Haufunzi Nini

Wapigapicha wanaoanza hushauriwa sana waachane na programu za kuhariri, picha itoke kwenye kamera ikiwa imekamilika. Wapinzani wa ushauri huo huuona ni ukaidi wa wazee wa enzi za filamu. Kwangu, ushauri ni mzuri. Sababu zinazotolewa kuutetea ndizo mara nyingi si za kweli.

Faida kubwa iko kwenye mwanga. Kipimamwanga cha kamera hakijui kimeelekezwa wapi, hivyo hukichukulia kila kitu kuwa kijivu cha wastani. Kanzu nyeupe ikijaa kwenye fremu hutoka ya kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta wa chokaa, ukuta unakivuta kipimo na uso unazama gizani. Mhariri husogeza kitelezi, picha inapona, na kesho kosa ni lilelile. Asiyehariri hana budi kuelewa: kwa kanzu anaongeza hatua moja (yaani mwanga maradufu), kwa uso anapimia usoni penyewe kwa kipimo cha doa (kinachosoma sehemu ndogo tu ya fremu), kisha, ngozi ikiwa nyeusi sana, anapunguza kati ya nusu hatua na hatua moja, la sivyo itapauka. Ukuta ukiungua, yaani ukigeuka weupe mtupu usio na maelezo, na uungue. Huo ni uamuzi, na umefanywa kabla ya kubonyeza.

Zoezi lenyewe halihitaji hata kipimamwanga. Jua kali: ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, shata 1/125 ya sekunde, tundu la lenzi f/16 (namba ikikua, tundu hupungua). Wingu jepesi f/11, wingu zito f/5.6, kivuli cha wazi f/4. Kwenye mchanga mweupe wa ufukweni punguza hatua moja, ila kwa kupandisha shata hadi 1/250, maana f/22 hulegeza ukali wa picha.

Kukata picha nako kunadekeza. Kamera ya megapikseli 24 hutoa pikseli 6000 kwa 4000. Ukikata nusu ya kila upande zinabaki 3000 kwa 2000, megapikseli 6 tu, ilhali chapa ya A4 kwa nukta 300 kwa inchi inataka takriban 3508 kwa 2480. Hatua tatu za miguu zingemaliza kazi.

Sasa upande wa pili. JPEG (faili ya picha ambayo kamera imeshaiandaa) "isiyohaririwa" haipo: kamera imekwisha kuamua rangi, ukali na weusi wa vivuli, ikabakiza ngazi 256 kwa kila rangi, wakati faili ghafi (RAW) ya biti 14, yenye data ya kamera kabla ya kuandaliwa, ina ngazi 16,384. Simu ndiyo imepita mpaka, kwani nyingi huunganisha fremu kadhaa kuwa picha moja bila kukuuliza. Wala hoja ya "zamani hawakuhariri" haisimami. Ansel Adams, mpigapicha maarufu wa mandhari wa Marekani enzi za filamu, alikuwa akizuia na kuongeza mwanga sehemu kwa sehemu ndani ya chumba cha giza. Hata shirika la habari la Reuters, walipowaambia wapigapicha wa kujitegemea mwaka 2015 waache kutuma picha zilizotengenezwa kutoka RAW, walilenga kasi na ukweli wa habari, na bado waliruhusu marekebisho madogo.

Tena kuna mwanga usioshindika kwa ustadi wa kupima peke yake. Mvuvi aliyevaa pama saa sita mchana: uso kivulini, shati juani. Bila kuhariri, ama umhamishie kivulini, ama umwekee shuka jeupe lirudishe mwanga usoni, ama utumie flashi. Hapo shata isizidi kikomo cha kamera, mara nyingi karibu 1/200, vinginevyo sehemu ya fremu itatoka na utepe mweusi. Harusi ukumbini chini ya taa za rangi tatu tofauti ni balaa zaidi. Mteja aliyelipa asifanywe uwanja wa mazoezi.

Kwa hiyo weka kamera ihifadhi RAW na JPEG pamoja, fanyia kazi JPEG pekee kwa siku 30, RAW zisiguswe. Mwezi ukiisha, zifungue zile zilizokushinda. Za giza nyingi zitainuka, japo na chengachenga za vidoa. Zilizoungua kabisa kwenye weupe, hata ndani ya RAW, hazitarudi, na hesabu ya hizo ndiyo itakayokuambia kama uongeze mwezi mwingine.