Pumzi hurudi kabla ya kano

Alfajiri ya mwisho wa wiki, Mtwara mjini, jogingi hupita na nyimbo, filimbi na fulana za rangi moja. Ni jambo jema na naliunga mkono. Ninachopinga ni desturi ya kumwingiza humo, siku ya kwanza, kijana aliyekaa mwaka mzima: wakala wa miamala anayeshinda kwenye kiti hadi saa 3 usiku, dereva wa bodaboda, mhitimu anayesubiri ajira nyumbani. Anaburutwa njia ya Mikindani kilomita nane au kumi, kesho yake ngazi zinamshinda, na Jumamosi inayofuata haonekani. Watu wanasema hana nia. Nia anayo, ila dozi aliyopewa haikuwa yake.

Mwili uliokaa muda mrefu haurudi wote kwa pamoja, na sehemu kubwa ya mafanikio ni kujua nini hutangulia. Kwanza kabisa hurudi usingizi na utulivu wa moyo. Watu wengi husikia nafuu siku ileile, baada ya dakika 20 tu za kutembea kwa kasi. Kisha hurudi pumzi: maji ya damu huongezeka ndani ya siku chache, moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na kufikia wiki ya tatu mlima uliokuwa ukikuhemesha unaupanda huku unaongea. Nguvu nazo huongezeka mapema, lakini mwanzoni ni neva zinazojifunza upya kuiamsha misuli. Misuli yenyewe hujaa kwa kuonekana kuanzia wiki ya sita au ya nane. Wa mwisho ni kano, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, pamoja na mifupa yenyewe. Kano hupata damu kidogo kuliko misuli, kwa hiyo hujijenga polepole, kwa miezi.

Mtego uko hapo. Wiki ya kwanza haina hatari kubwa, maana uchovu wenyewe unamzuia mtu. Wiki ya nne ndiyo ya kuogopa. Pumzi imerudi, kijana anajiona mzima, anaongeza kilomita maradufu au anaitwa kwenye ndondo acheze dakika 90, na ugoko unaanza kuwaka au kano ya kisigino inavimba. Akipumzika mwezi mzima kwa maumivu, anarudi alikoanza, na safari hii amekata tamaa.

Kukaa huharibu haraka kuliko tunavyodhani. Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Walipopewa wiki nane za mazoezi makali yenye usimamizi, uwezo ule ulirudi na kupita ulipokuwa. Ni watu watano tu, na kijiweni si kitandani, lakini mimi nachukua mambo mawili hapo: kilichopotea kinarudi, na kinarudi kwa mazoezi ya wiki kadhaa, si ya siku moja.

Basi anza hivi. Wiki mbili za kwanza, tembea dakika 20 hadi 25, siku nne kwa wiki, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima lakini si kuimba. Wiki ya tatu na ya nne, kimbia taratibu dakika moja, tembea mbili, rudia mara nane. Hapo ukisikia pumzi imekaa sawa, usiongeze. Wiki ya tano na ya sita, kimbia mbili, tembea moja, mara nane. Siku ya kukimbia ifuatwe na siku ya kutokimbia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Hizo 150 zifikie mwezi wa pili; hakuna sababu ya kuzidai wiki ya kwanza.

Mazoezi ya nguvu hayahitaji jimu. Kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara 8. Pushapu za ukutani, baadaye za kwenye meza imara, na za chini mwisho kabisa. Kulala chali, kukunja magoti na kuinua nyonga, mara 10. Dumu la lita tano la maji ni kilo tano. Beba mawili, tembea hatua 40. Yakizoeleka, jaza mchanga mkavu, kila moja litakaribia kilo nane. Raundi mbili zatosha mwezi wa kwanza, na ukimaliza uwe bado ungeweza kufanya mbili tatu zaidi. Dada asiyependa kutazamwa barabarani anaweza kuyafanya haya yote uani.

Ufukwe wa bahari unavutia, lakini mchanga laini una gharama. Kukimbia juu yake kunakula nguvu zaidi ya mara moja na nusu ya ardhi ngumu, na kisigino kikizama kano inavutwa kuliko ilivyozoea. Subiri maji yapwe ukanyage mchanga mgumu wenye unyevu. Saa ya kupwa husogea kama dakika 50 kila siku, hivyo waulize wavuvi. Ufukwe pia una mteremko: ukienda upande mmoja tu, mguu mmoja unabaki chini muda wote. Nenda na urudi kwa umbali uleule. Raba za mtumba hazina ubaya, ila zibonyeze soli kwa kidole gumba; zikiwa ngumu kama ubao, ziache. Raba nzuri hukunjika penye vidole, si katikati.

Misuli kuuma siku moja hadi tatu baada ya mazoezi ni kawaida. Maumivu ya nukta moja kwenye mfupa, au yanayozidi kadiri unavyokimbia, si kawaida, simama. Na baada ya mashindano ya kuchuchumaa mara mia mbili, ambayo vijana hupenda kurekodi kwa simu, mkojo ukigeuka rangi ya kahawa nenda hospitali siku hiyohiyo. Misuli iliyoharibika humwaga protini zake kwenye damu na kuzidi uwezo wa figo.

Joto nalo lina hesabu yake. Kipindi cha kusi, Juni hadi Agosti, ndicho kizuri zaidi kuanza pwani yetu. Ukianzia Desemba, toka saa 12 asubuhi, sahau kilomita na fuata pumzi yako. Mwili huhitaji kama wiki mbili kuzoea joto. Anayefunga Ramadhani afanye matembezi mepesi karibu na futari, na mazoezi ya nguvu baada ya kula na kunywa.

Mizani iache kabisa wiki sita za mwanzo, kwa sababu kilo husogea taratibu na huwavunja moyo wengi. Andika saa ulizolala na jinsi ulivyoamka, kwa alama 1 hadi 10. Hapo mabadiliko yataonekana mapema. Lakini kijana asiyelala, asiyefurahia chochote kwa wiki mbili, au anayewaza kufa, asiambiwe akakimbie tu. Apelekwe kwa mhudumu wa afya, na kutembea kuwe nyongeza ya matibabu.

Wapo ambao pumzi hairudi hata wakifuata kila kitu. Kabla ya kuwaita wavivu, wapimwe wingi wa damu, hasa wasichana: kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Mwenye seli mundu, aliyewahi kuzimia akikimbia, au mwenye ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, aonane na daktari kwanza. Homa ikikupata, acha mazoezi mpaka iishe na uwe unakula vizuri. Ukikosa wiki moja, rudia wiki uliyoishia. Ukikosa tatu, rudi hatua mbili nyuma. Na viongozi wa jogingi, wekeni kundi la kutembea nyuma ya wakimbiaji, lenye kiongozi wake na filimbi yake.