Pilipili kali haikuanzia India

Asante mwandishi kwa makala, ila hapo uliposema Wahindi wamekuwa wakiunga mchuzi kwa pilipili kali tangu zama za kale, sikubaliani nawe. Pilipili kali asili yake ni Amerika. Wareno ndio walioifikisha India, baada ya Vasco da Gama kufika Calicut, kwenye pwani ya Malabar kusini-magharibi mwa India, mwaka 1498. Kabla ya hapo ukali wa mchuzi ulitokana na pilipili manga ya Malabar na tangawizi.

Na tafadhali, vindaloo, ule mchuzi wa Goa huko magharibi mwa India, isihukumiwe kwa ile ya mikahawa ya Uingereza, inayochoma ulimi basi. Ya Goa hasa ni nyama ya nguruwe iliyolazwa usiku kucha kwenye siki ya tembo la mnazi, pamoja na vitunguu saumu, bizari nyembamba, mdalasini, karafuu na pilipili nyekundu za Kashmir (hizi zina rangi kuliko ukali), vyote vimesagwa mpaka vikawa rojo zito. Ukionja, uchachu ndio unaotangulia, kisha saumu, halafu ndipo ukali unapanda taratibu kooni. Ikilala hadi kesho yake inazidi kunoga.