Mwanangu amekua, shilingi 2,000 hazijakua

Kila asubuhi namkalisha mwanangu ukingoni mwa kitanda, napitisha mikono chini ya makwapa yake, kichwa chake nakilaza begani kwangu, halafu nahesabu: moja, mbili, tatu. Kwenye tatu namnyanyua hadi kwenye kiti cha magurudumu. Hawezi kuzungumza, lakini kwenye tatu hucheka, kila siku. Alipokuwa na miaka 5 nilimbeba kiunoni huku nasonga ugali. Sasa ana miaka 15 na kilo 46. Miguu yake imepita pa kukanyagia, naifunga kwa leso isiburute chini.

Ana mtindio wa ubongo. Tumo kwenye Inua Jamii, misaada ya fedha ya serikali, katika ule mpango wa watu wenye ulemavu mkubwa ulioanza hapa Kenya mwaka 2011, na mimi ndiye mlezi niliyeandikishwa. Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Nashukuru, tena kwa dhati, maana kuna miezi ambayo bila hizo tungelala njaa. Lakini shukrani hainizuii kupiga hesabu. Pakiti ya pampasi 10 za watu wazima nainunua shilingi 900. Tukijibana anatumia mbili kwa siku, yaani pakiti 6 kwa mwezi: shilingi 5,400. Hapo sijagusa dawa za kifafa, wala nauli ya kumpeleka mazoezi ya viungo, na makondakta wengi wakiona kile kiti hawasimami.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Sharti la kuingia kwenye mpango ni mtu awe anahitaji uangalizi wa saa 24. Basi serikali yenyewe imekubali kwamba ndani ya nyumba hii yuko mtu asiyeweza kutoka. Mtu huyo ni mimi. Nilikuwa na genge la chapati na maharagwe karibu na mjengo, nikalifunga mwanangu alipokuwa mzito wa kuachiwa dada yake mdogo. Kipato kile kilikwenda, na hakuna mahali kwenye fomu palipouliza.

Watu huniambia, “Si yuko na mamake, ana pa kulala na anakula?” Ndiyo, yuko na mamake. Ndiyo sababu hajalazwa popote kwa gharama ya umma. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Mwanangu ni raia, ana haki yake mwenyewe, wala hiyo haki haipungui kwa kuwa analala chumba cha pili kutoka changu. Afrika Kusini wana ruzuku ya matunzo kwa mzazi wa mtoto mwenye ulemavu mkubwa hadi afikishe miaka 18, na kiwango huongezwa kadiri maisha yanavyopanda.

Ninachotaka ni malipo yaangalie umri, kwa sababu kijana wa miaka 15 si mtoto wa miaka 5, na mlezi awekewe fungu lake kando, hata likiwa dogo. Tena wanapolipa waache kuhesabu kaya, wahesabu watu. Nyumba yenye watoto wawili wa namna hii ina miili miwili ya kunyanyua kila asubuhi, na mama ni mmoja.