Nyamrerwa au kijana mwenzake? Nani abebe elimu ya VVU mitaani Kisumu

Kwa miaka kadhaa, kijana wa Kisumu aliyetaka kondomu, kifaa cha kujipima VVU au maelezo kuhusu PrEP, tembe za kumkinga asiye na virusi asiambukizwe, angeweza kuvipata bila kupanga foleni hospitalini. Waelimishaji rika, vijana kama yeye, walipita Kondele, Manyatta, Obunga na Nyalenda wakiwa na mabegi mgongoni. Januari 2025 serikali ya Marekani ikasitisha misaada yake ya nje, na Julai mosi shirika la USAID likafungwa. Miradi mingi iliyowalipa vijana hao posho ikasimama. Pendekezo linalosikika sasa ni kwamba kazi hiyo wapewe wahamasishaji wa afya ya jamii, wale ambao Wajaluo humwita kila mmoja wao nyamrerwa.

Pendekezo hilo lina uzito. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta kwamba asilimia 4.9 ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 64 wanaishi na VVU. Kisumu ilikuwa asilimia 17.5. Tatizo la kiasi hicho haliwezi kuendelea kutegemea bajeti inayopitishwa Washington. Wahamasishaji hawa, 100,000 nchini kote, walizinduliwa na Rais Ruto Septemba 2023, wakaahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi: nusu kutoka serikali kuu, nusu kutoka kaunti. Kila mmoja ana kaya zipatazo 100. Nyamrerwa hahami mradi unapokwisha, kwa sababu hapo ndipo kwake.

Waelimishaji rika nao hawakuwa malaika. Wafadhili walitaka idadi, kwa hiyo mara nyingi mikutano ilikuwa ya kuhesabu vichwa: hema, spika, fulana, nauli, na nyuso zilezile zilizohesabiwa mwezi uliopita. Tafiti nyingi kuhusu elimu rika zimeonyesha kwamba inaongeza maarifa na matumizi ya kondomu, ila ushahidi kwamba inapunguza maambukizi yenyewe ni hafifu. Na siri? Huvuja kwa kijana pia, tena kwa kasi zaidi siku hizi za makundi ya WhatsApp.

Hata hivyo, naona pendekezo hili linajikwaa mahali ambapo watetezi wake hawapatazami vya kutosha. Nyamrerwa anafaulu katika chanjo, malaria na kliniki ya wajawazito kwa sababu yuko karibu na familia. Ameketi na mama mwenye nyumba kwenye chama cha kuweka akiba, wanaimba kwaya moja, anajua nani alilala njaa jana. Ukaribu huohuo ndio unaomfungia kijana mdomo. Fikiria msichana wa miaka 19 anayemsaidia mama yake kuuza mitumba sokoni Kibuye. Ana mpenzi anayemzidi umri, na angependa kumeza PrEP. Atamwendea vipi rafiki wa mama yake? Chupa yenyewe ni mtihani: ikitikiswa hulia, na atakayeiona atadhani ni dawa za kupunguza makali ya VVU. Binti anaficha chupa isisikike chumbani, kisha tunamtaka aieleze kwa sauti sebuleni.

Simlaumu nyamrerwa. Malezi yetu yanamwambia kwamba mtoto wa jirani ni wake, na kumficha mama habari za bintiye ni kama usaliti. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2006 inamruhusu hata aliye chini ya miaka 18, ikiwa mwenendo wake unamweka hatarini, aridhie kupimwa mwenyewe kwa maandishi. Lakini sheria haiketi kwenye chama. Isitoshe, simu anayotumia nyamrerwa kurekodi kazi yake imepangwa kwa kaya: binti anaingia kama mtu wa nyumba ya mama yake.

Halafu kuna vijana wasio na kaya ya kuhesabiwa: waliotoka Siaya au Busia kutafuta vibarua, wanaoshiriki chumba cha kupanga watu watatu na kuhama kodi inapowashinda. Nyamrerwa akibisha hodi asubuhi, wako kazini; akirudi mwezi ujao, chumba kina watu wengine. Mwelimishaji rika aliwapata kwenye steji ya bodaboda, kwenye kibanda cha kutazamia mpira, au saluni.

Kisumu yenyewe imewahi kuonyesha kwamba makundi haya mawili yanahitajiana. Jaribio la tohara lililofanyika hapa kwa vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, matokeo yake yakachapishwa 2007, lilionyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa zaidi ya nusu. Kampeni ilipoanza 2008 katika jamii ambayo kwa jadi haitahiri, ilibidi wazee na viongozi wazungumze kwanza, watu wasione ni utamaduni wa wengine. Wazee walifungua mlango, lakini kijana aliyekuwa bado anasita alitaka kumsikia mwenzake aliyekwisha kupitia kisu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba nyamrerwa abaki na nyumba: azungumze na wazazi, aondoe aibu, aeleze kwamba PrEP si dawa ya mgonjwa. Kazi ya kijana mmoja mmoja ibaki kwa kijana mwenzake, ila si kama mtoto wa mradi. Kaunti iwaajiri wachache katika kila kitengo cha afya ya jamii, kwa posho sawa na ya nyamrerwa, chini ya muuguzi wa zahanati ya karibu na si chini ya nyamrerwa, na daftari lao lisiandikwe kwa kaya. Posho ikicheleweshwa watakwenda kuendesha boda, na hatutakuwa na haki ya kuwalaumu. Na mwelimishaji akifika miaka 25, ampishe mdogo wake, kwa sababu kufikia hapo naye ameanza kuitwa auntie.