Funga AC mwenyewe, ila kwenye bomba tuheshimiane

Kila joto la Desemba likianza kukaba hapa Dar utasikia watu wanaulizana fundi wa AC anachukua shilingi ngapi, na siku hizi kuna wanaosema fundi wa nini bana, video si zipo YouTube, nafunga mwenyewe. Mimi niko upande wao, kwa sehemu kubwa. Kupiga bamba la ukutani la kuning'inizia yuniti ya ndani kwa pimamaji, kutoboa ukuta, kufunga breketi za yuniti ya nje, hayo unayaweza, mradi una drili ya maana na mtu wa kukushikia maana ile ya nje ni nzito. Tundu tu liiname kidogo kuelekea nje, la sivyo maji yanarudi ndani yanakuchorea ukuta.

Ugomvi uko kwenye bomba za shaba. AC mpya inakuja na gesi yake imefungiwa kwenye yuniti ya nje, ila bomba unazounganisha wewe zimejaa hewa, tena hewa ya pwani yenye unyevu. Hiyo lazima itolewe kwa vakyumu pampu. Na pampu hainyonyi hewa tu, inashusha presha mpaka unyevu uliomo unachemka kwa joto hilo hilo la kawaida na kutoka kama mvuke, ndo maana inaachwa kama nusu saa hivi, afu unafunga geji unaangalia mshale, ukianza kurudi ujue kuna sehemu inavuja. Unyevu ukibaki unaharibu oili, inazaliwa asidi, kompresa, ile mashine inayosukuma gesi, inakufa taratibu wakati fundi mwenyewe ushamsahau.

Sasa kinachonikera, mafundi kibao hawana pampu. Nati ya upande mmoja wanailegeza, gesi wanaifungulia kidogo, pssss, "hewa imetoka boss". Walizoea hivyo enzi za R22, ile gesi ya AC za zamani, leo wanafanya hivyo hivyo kwenye R32, gesi ya AC mpya nyingi, ambayo inashika moto! Na hela ya ufundi wanataka yote.

Kwa hiyo ya ukuta fanya mwenyewe, ya bomba ita mtu, ila muulize kwenye simu kabla hajapanda bodaboda: pampu unayo? Akianza maelezo marefu achana nae. Akija kaa hapo hapo uone anavyoflea, yaani anavyotanua mdomo wa bomba ili nati ibane. Anayejua kazi hakati shaba kwa msumeno, na akikwangua kingo anageuza mdomo wa bomba uangalie chini ili chenga zisiingie ndani, afu nati anaivisha kwanza ndo atanue mdomo. Akimaliza anapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo.

Umeme nao uwe na waya wake na breka yake, habari za ekstensheni pamoja na friji hapana. Na wale wanaolia AC inamaliza LUKU, wengine gesi yao inavuja kidogo kidogo, kompresa inakimbia usiku kucha chumba hakipoi, wao wanazidi tu kushusha namba kwenye rimoti.