Anayepokea Mzigo Ndiye Aushushe

Kwa miaka sita nilikuwa karani wa godauni moja katika Eneo la Viwanda hapa Nairobi, na kila lori lilipoingia nilikuwa na swali la kumuuliza dereva kabla hata sijaitazama hati ya mzigo: "Umekuja na watu wa kushusha?" Akisema hapana, nilimwonyesha mahali pa kuegesha nikamwambia ajipange. Namna ya kujipanga sote tuliijua. Ama angewalipa vijana waliokuwa wakisubiri nje ya geti, ama angevua shati, yeye na utingo wake, washushe wenyewe.

Nilifundishwa kazi hivyo, nami sikuona kosa. Kwetu sisi wapokeaji, mzigo ulikuwa wa mwenye lori hadi uguse sakafu yetu. Kwa mwenye lori, safari ilikuwa imekwisha pale magurudumu yaliposimama mbele ya mlango wetu. Kati ya kauli hizo mbili kulikuwa na tani kadhaa za bidhaa zisizo na mwenyewe, na aliyekuwa karibu nazo kuliko wote ni dereva.

Asubuhi moja ya Julai, katika baridi ile ya Nairobi inayowafanya hata walinzi wa getini washinde wameota moto wa makaa, liliingia lori la sukari kutoka magharibi mwa nchi likiwa na magunia 200 ya kilo 50. Dereva alikuwa mzee aliyekwisha kupita miaka hamsini. Alikuwa ameondoka jioni iliyotangulia, akapita mizani ya Gilgil usiku wa manane, akafika kwetu saa kumi na mbili na nusu. Sisi tulifungua saa mbili, na mbele yake kulikuwa na malori mawili, kwa hiyo zamu yake haikufika hadi saa nne. Fedha za kushushia alizopewa na mwajiri wake hazikuwatosha vijana wa getini, ambao hutoza kwa gunia na hawana simile katika bei yao. Basi akakunja gunia tupu, akaliweka begani kama mto, akaanza.

Kati yake na utingo wake, mmoja alikaa juu ya lori akivuta magunia hadi ukingoni, mwingine akawa chini akibeba, nao wakabadilishana kila baada ya magunia 20. Ukiigawa kazi hiyo kwa usawa, kila mmoja alibeba magunia 100, yaani tani 5, kwa hatua zipatazo ishirini kutoka lori hadi kwenye rundo. Nilipokuwa nikichora vijiti vyangu daftarini, vinne vikisimama na cha tano kikiwalalia wenzake, nilimwona yule mzee akianza kushuka kwenye mteremko wa mlangoni upande upande, mkono mmoja ukishika ukuta, kama mtu ashukaye ngazi gizani. Walimaliza baada ya saa sita mchana. Hesabu yangu ilisema magunia 198.

"Kijana wangu," akaniambia, "hayo nimeyabeba kwa bega langu. Ni 200."

"Mzee, mimi naandika nilichokiona."

Hakuwa na la kunijibu, kwa sababu hakuwa na daftari. Mtu aliyeinama chini ya gunia hawezi kuhesabu magunia, na hilo ndilo jambo ambalo watu wengi wanaojadili suala hili hulisahau. Huzungumza juu ya mgongo, nao mgongo unastahili kuzungumziwa, lakini kazi halisi ya dereva pale mlangoni ni kusimama nyuma ya lori lake, kuhesabu kinachotoka, kuangalia gunia lililochanika kabla ya kubebwa na si baada, na kutia sahihi kwa kile alichokiona kwa macho yake. Tunapomgeuza kuwa mbebaji tunampokonya nafasi hiyo, kisha tunamdai hasara ambayo hakupata nafasi ya kuiona. Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyopotea au kuharibika pale mfanyakazi alipokosa kwa makusudi. Sijui ni makusudi gani yanayoweza kupatikana kwa mtu aliyekuwa chini ya kilo 50 za sukari, lakini nimeona makato ya namna hiyo mara nyingi, na hati zilizotumika kuyahalalisha zilikuwa na mwandiko wangu.

Tukija kwenye uchovu, Sheria ya Trafiki inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 kwa jumla katika kipindi chochote cha saa 24. Ni sheria nzuri, na waliozoea kuhesabu malori yaliyopinduka kwenye barabara ya Nakuru au ya Mombasa hawahitaji kuelezwa sababu yake. Tatizo ni kwamba inahesabu saa za usukani peke yake. Saa tatu na nusu alizosubiri yule mzee nje ya mlango wetu, na saa mbili na zaidi alizobeba magunia, zikiandikwa mahali popote zitaonekana kama muda ambao gari lilikuwa limesimama, yaani kama mapumziko. Kwa karatasi, dereva aliyeshusha tani 5 mchana ana nguvu sawa na dereva aliyelala mchana. Yule mzee hakuelekea kitandani alipotoka kwetu. Alikuwa akienda Athi River kupakia saruji ya kurudi nayo.

Wapo watakaosema kwamba kubeba ni sehemu ya kazi ya lori na kwamba mtu asiyetaka kubeba angetafuta kazi ya ofisini. Serikali yenyewe haioni hivyo. Katika agizo la kima cha chini cha mishahara, utingo, ambaye kwa Kiingereza cha Kenya ndiye yule "turnboy," anawekwa katika daraja moja na mchimba madini, mkata mawe, mpishi na mhudumu wa hoteli, ilhali dereva wa gari kubwa la biashara yuko daraja tofauti kabisa, pamoja na keshia. Hizo ni kazi mbili, zenye ujira tofauti, na mtu mmoja hawezi kulipwa moja akafanyishwa zote mbili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, inamzuia mwajiri kumtaka mfanyakazi abebe mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumdhuru. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 kwamba mzigo anaobeba mwanamume mmoja kwa mikono usizidi kilo 55. Sukari na saruji zinapita chini ya kipimo hicho kwa kilo 5. Gunia la mahindi la kilo 90 halipiti, na wala hatuhitaji kujadili lile gunia la viazi lililofungwa kilemba, tunaloliita "mukurino," ambalo linaendelea kuonekana ingawa kanuni za viazi za 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50.

Viazi vinanikumbusha Marikiti, yaani Soko la Wakulima la hapa Nairobi. Soko hilo lina sifa ya vurugu, na anayepita pale alfajiri akanusurika kukanyagwa na mkokoteni ataapa kwamba hakuna utaratibu wowote. Lakini katika jambo hili wamewashinda wenye magodauni yenye kamera na foklifti. Pale kila gunia lina mbebaji wake na bei yake, na wabebaji hao hawamkubali mtu wa lori aguse mzigo hata akitaka. Dereva hulala ndani ya gari. Bei ya kushusha inajulikana kabla lori halijafunguliwa turubai, na mfanyabiashara anaihesabu ndani ya gharama zake kama anavyohesabu dizeli. Sisemi kwamba maisha ya wale wabebaji ni mepesi, maana nao wana migongo, lakini angalau kazi yao ina jina na ujira.

Kwingineko wamelifikisha jambo hili bungeni na serikalini. Nchini Marekani, sheria ya 1980 ya usafirishaji wa malori iliweka wazi kwamba mtumaji au mpokeaji anayetaka mwenye lori au anayeliendesha asaidiwe kupakia au kupakua ndiye atakayetoa msaada huo au kuulipia. Hispania ilikwenda mbali zaidi: kuanzia Septemba 2022, madereva wa magari yenye uzito unaozidi tani 7.5 hawaruhusiwi kupakia wala kupakua, isipokuwa katika kazi chache kama vile kuhamisha vyombo vya nyumbani, kusafirisha wanyama na magari ya mafuta.

Sitetei marufuku ya aina hiyo hapa Nairobi bila kutofautisha. Mwenye kanta (lori dogo) yake mwenyewe, anayekubaliana na mteja bei ya kuleta na kushusha pamoja, anauza nguvu zake kwa hiari na bei anaijua. Dereva wa gari la mkate hubeba kreti zake kwa sababu yeye ni muuzaji pia, na agizo la mishahara humtambua muuzaji-dereva kwa jina lake. Ninaowazungumzia ni wale walioajiriwa kuendesha, wanaoambiwa na mwenye lori kwamba mpokeaji atashusha na kuambiwa na mpokeaji kwamba mwenye lori angeleta watu.

Dawa yake haihitaji Bunge. Inatosha mstari mmoja katika hati ya mzigo, ulioandikwa kabla lori halijaondoka kiwandani, unaosema nani anashusha na nani analipa. Kwa maoni yangu jibu liwe mpokeaji, kwa sababu ndiye mwenye mlango, mwenye sakafu, mwenye foklifti, na ndiye anayeamua kama lori lisubiri dakika kumi au saa tatu. Akijua kwamba vibarua waliokaa bure wanakula fedha zake mwenyewe, foleni ya mlangoni itafupika. Nimeambiwa na wafanyabiashara wenzangu kwamba hilo litapandisha bei ya bidhaa. Labda kwa shilingi chache kwa gunia, sikatai; lakini gharama hiyo ipo tangu zamani, ila tumekuwa tukiilipa kwa goti la mtu mwingine.

Nasema wafanyabiashara wenzangu kwa kuwa ukarani niliuacha, na sasa nina duka dogo la vifaa vya ujenzi huku Kayole. Saruji huletwa kwa kanta, mifuko 60 kwa safari, yaani tani 3, na ninawalipa vijana wawili wa mtaani kuishusha. Mara ya kwanza dereva alipofika alianza kuvua shati bila kuambiwa. Nilimpa kalamu na kipande cha boksi, nikamwomba asimame upande wa pili wa mlango ahesabu pamoja nami. Alinitazama kama mtu anayetafuta mtego ulipo, kisha akaanza kuhesabu kwa sauti, mfuko mmoja baada ya mwingine. Tulipomaliza yeye alikuwa na 60 nami nilikuwa na 59. Tuliingia ndani tukahesabu rundo upya, mstari kwa mstari, mara mbili. Ilikuwa 60.